Namba ya Pili

Taarifa ilitufikia saa nne usiku, tukiwa mezani tunasahihisha mitihani ya Dogmatiki. Kijana wetu wa miaka 19, mrushaji wa mkono wa kushoto, ameumia kiwiko. Atafanyiwa upasuaji na hataonekana uwanjani kwa zaidi ya mwaka mmoja. Tuliguna kwa sauti. Mama Mchungaji, aliyekuwa chumba cha pili, akauliza nani amefariki. Tulikosa jibu la haraka, kwa maana kijana yule hakuwahi kuzaliwa. Ni jina lililotungwa na kompyuta, likapewa umri, urefu, mkono wa kurushia na safu mbili za namba. Hata hivyo tulikuwa tumemlea kwa misimu mitatu, na usiku ule hatukuweza kurudi kwenye mitihani.

Mchezo wenyewe unaitwa Out of the Park Baseball. Ulibuniwa na Mjerumani, Markus Heinsohn, na toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1999. Msomaji asiufikirie kama ile michezo ya kubonyeza vitufe haraka haraka. Hapa mchezaji hapigi mpira wala hakimbii. Yeye ni meneja: anasajili, anauza, anapanga kikosi, anaajiri makocha, kisha kompyuta inacheza mechi na kumletea matokeo. Katika ligi za mtandaoni kila timu ina meneja wake aliye mtu halisi. Wote hutuma maamuzi yao kabla ya siku iliyopangwa, msimamizi wa ligi anaendesha mechi za wiki nzima kwa mkupuo mmoja, na kila mtu anafungua kompyuta kuona yaliyompata. Sisi tuliingia humo tulipokuwa masomoni Minnesota. Mwenzetu wa bwenini alikuwa na ligi iliyopungukiwa meneja mmoja, na majira ya baridi ya kule ni marefu. Tulirudi nyumbani na shahada, makoti mawili ambayo hatujayavaa tena, na timu hiyo.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuona besiboli, inatosha kujua jambo moja. Katika mpira wa miguu kijana wa miaka 17 mwenye kipaji anaweza kucheza timu ya kwanza Jumamosi ijayo. Katika besiboli haiwi hivyo, ila kwa nadra sana. Kijana husajiliwa akiwa na miaka 16 kama anatoka Jamhuri ya Dominika au Venezuela, au miaka 18 na kuendelea kama ni Mmarekani, kisha hupelekwa kwenye ligi ndogo zenye ngazi kama za shule. Hupanda ngazi moja baada ya nyingine kwa miaka minne, mitano, hata minane. Walio wengi hawafiki juu. Kwa hiyo meneja wa timu huwa na vijana zaidi ya mia moja ambao mashabiki hawajawahi kusikia majina yao, na sehemu kubwa ya kazi yake ni kuamua nani apandishwe, nani angoje, nani aachwe. Mashabiki wa mchezo huu watakuambia kwamba kushinda ubingwa ni jambo zuri, lakini utamu hasa uko kwa chipukizi. Tunakubaliana nao, na ndiyo sababu tunaandika.

Kila chipukizi ana namba mbili. Ya kwanza ni uwezo wake wa leo. Ya pili ni uwezo anaoweza kuufikia. Ligi nyingi hutumia kipimo cha 20 hadi 80, walichokizoea wasaka vipaji wa besiboli halisi, ambapo 50 ni mchezaji wa kawaida wa Ligi Kuu. Kijana anaweza kuwa na 25 leo na 65 kesho. Meneja huishi kwa hiyo namba ya pili: huiota, hubadilishana wachezaji kwa ajili yake, na hukesha.

Ubora wa mchezo ni kwamba hauruhusu namba hiyo iaminiwe. Inaletwa na msaka vipaji wa timu, ambaye naye ana kiwango chake. Aliye dhaifu anakosea zaidi, na wawili wakimtazama kijana yuleyule wanaweza kuleta taarifa mbili tofauti. Tena, hata msaka vipaji akiona sawasawa, namba yenyewe haikai. Inapanda na kushuka kwa miaka. Inategemea kama kijana anapata nafasi ya kucheza, kama yuko kwenye ngazi inayomfaa, kama makocha wake wanajua kazi, kama ana bidii, kama ana akili ya kujifunza. Ukimpandisha mapema anavunjika moyo na kudumaa, na ukimchelewesha chini anadumaa vilevile. Zaidi ya hayo yote kuna bahati tupu, na wasimamizi wa ligi wanaweza kuamua iwe kubwa kiasi gani. Unaweza kufanya kila kitu kwa usahihi, na asubuhi moja kijana wako wa 65 akawa kijana wa 40, bila sababu yoyote utakayoelezwa. Jirani yako, aliyempuuza mwanawe kwa miaka mitatu, akaamka na nyota.

Tulipoanza tuliona hilo ni kasoro ya programu. Sasa tunaona ni sehemu yake iliyo ya kweli kuliko zote. Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho waliokuwa wakigombana kuhusu walimu wao, aliwaambia kwamba yeye alipanda na Apolo akatia maji, lakini ukuaji haukutoka kwa yeyote kati yao. Na katika Marko sura ya 4 Bwana wetu anamtaja mkulima anayelala na kuamka huku mbegu ikimea kwa namna asiyoijua. Mahubiri mengi tunayoyasikia siku hizi, hata kwenye baadhi ya mimbari zetu, yamemfukuza mkulima huyo. Yanaahidi kwamba anayepanda kwa kanuni fulani atavuna kwa kiasi fulani, na asiyevuna alikosea kanuni. Mchezo wa kompyuta uliotengenezwa na watu wasiodai kufundisha dini umekataa uongo huo. Umemwachia meneja kazi nyingi ya kufanya, na haukumwachia ukuaji.

Tena haukubuni jambo hilo. Historia ya besiboli ndiyo iliyoufundisha. Mwaka 1988 timu ya Los Angeles Dodgers ilimchagua Mike Piazza katika duru ya 62, baada ya wachezaji zaidi ya elfu moja kuchaguliwa. Leo yumo kwenye Jumba la Mashujaa wa besiboli. Mwaka 1991 New York Yankees walimchagua Brien Taylor kuwa wa kwanza kabisa nchi nzima. Aliumia bega mwezi Desemba 1993 na hakucheza hata mechi moja ya Ligi Kuu. Waliowatazama vijana hawa wawili walikuwa watu wenye uzoefu, wenye saa za kupimia na daftari, na walitazama kwa makini.

Kuna sheria nyingine ya besiboli halisi, iliyomo pia ndani ya mchezo, ambayo tumeitumia darasani mara kadhaa. Inaitwa Kanuni ya Tano. Timu ina orodha ya watu 40 inaowalinda. Kijana aliyekaa kwenye ligi ndogo miaka minne au mitano, kutegemea umri aliosajiliwa nao, asipowekwa kwenye orodha hiyo, timu nyingine yoyote inaruhusiwa kumchukua siku ya uteuzi wa mwezi Desemba. Ila anayemchukua lazima amweke kwenye kikosi cha Ligi Kuu msimu mzima. Akishindwa, hana budi kwanza kuwapa wenye kijana nafasi ya kumrudisha kwao. Maana yake ni kwamba huruhusiwi kumzika mtu. Kama humtumii, mwachie anayemhitaji, na anayemchukua asimchukue kwa kumweka kabatini.

Ndivyo Pittsburgh walivyompata Roberto Clemente mwezi Novemba 1954, akiwa kijana wa Puerto Riko ambaye Brooklyn walimweka Montreal na kumchezesha kwa nadra. Alimaliza na mapigo 3,000 kamili, kisha akafa tarehe 31 Desemba 1972 katika ajali ya ndege akipeleka misaada kwa waliokumbwa na tetemeko la ardhi Nikaragua. Ndivyo pia Johan Santana, kijana wa Venezuela, alivyoachwa bila ulinzi na Houston mwaka 1999 na kuishia Minnesota. Mwaka wake wa kwanza alipigwa vibaya, na timu ikamvumilia kwa sababu ilitaka kubaki naye. Alitwaa tuzo ya Cy Young ya mrushaji bora mwaka 2004 na tena 2006. Wenyeji wa Minnesota walitusimulia habari za Santana kama wazee wa kwetu wanavyosimulia mwaka wa mavuno makubwa.

Hapa kwa miaka mingi tuliunganisha moja kwa moja na Mathayo sura ya 25: talanta, shimo ardhini, bwana anayerudi. Tunakiri kwamba tuliunganisha vibaya. Kiswahili chetu kimetuponza, kwa kuwa siku hizi talanta ni kipaji, na kila mashindano ya kuimba ni ya kusaka talanta. Katika mfano ule talanta ni fedha, tena nyingi: dinari 6,000, na dinari moja ndiyo iliyokuwa ujira wa kibarua kwa siku. Na ukisoma mstari wa 15 polepole utaona kwamba watumwa wanapewa kila mmoja kadiri ya uwezo wake. Uwezo upo tayari. Talanta ni kitu kingine, mali ya bwana inayowekwa mikononi mwa mtu. Kumbe hata aliyepewa kidogo kabisa amekabidhiwa ujira wa miaka karibu ishirini. Mfano hausemi kwamba bwana aliona namba ya pili ya kila mtumwa. Unasema aliwaamini mali yake, akasafiri.

Na sasa tufike kwenye lawama yetu kwa mchezo huu, ambayo ni moja ila ni nzito.

Tumesema taarifa za wasaka vipaji hukosea. Kukosea maana yake nini? Ndani kabisa ya programu, chini ya ukungu wote, kuna namba ya kweli. Kompyuta inaijua. Msaka vipaji anaikaribia au anaikosa. Msimamizi wa ligi anaweza hata kuondoa ukungu, na kila meneja akaona namba halisi bila makosa. Namba hiyo inaweza kubadilika kesho, lakini leo ipo, na ndiyo mtu mwenyewe. Hana kingine zaidi yake. Ukimwacha, jina lake linakaa siku chache kwenye orodha ya wasio na timu, kisha anastaafu na kubaki jedwali la takwimu ambalo hakuna atakayelifungua.

Hilo linamfundisha meneja somo fulani polepole, usiku baada ya usiku: kwamba kila mtu ana thamani iliyoandikwa mahali, na tatizo letu ni udhaifu wa macho tu. Mcheza bao hafundishwi hivyo. Kete zake zote ni sawa.

Tukijichunguza, somo hilo tumelihubiri kanisani. Tumesimama mbele ya vijana wa Kipaimara tukasoma 1 Samweli 16, pale Samweli anapowapita wana wa Yese mmoja baada ya mwingine mpaka mdogo anaitwa kutoka malishoni, tukawaambia vijana kwamba watu hutazama nje lakini Mungu huona kilichomo ndani yako. Vijana walifurahi. Tulichowaambia kwa kweli ni kwamba Mungu ni msaka vipaji asiyekosea. Wengine wamekupa 30, Yeye anaona 70. Lakini je, kijana ambaye ndani yake ni 30 kweli? Tulimwachia nini? Na huyo Daudi, aliyechaguliwa kwa sababu ya moyo, baadaye alimchukua mke wa Uria na kupanga kifo cha mumewe. Kama Mungu alisoma namba, aliisoma vibaya.

Luther alikwisha kulijibu jambo hili mwaka 1518 kule Heidelberg, katika hoja ya mwisho ya zile za theolojia, na inashangaza jinsi tunavyoifundisha kila mwaka bila kuisikia. Anatenganisha mapendo mawili. La binadamu huamshwa na kitu kizuri linachokikuta. La Mungu halikuti kitu kizuri, linakifanya. Linamwendea mwenye dhambi, mjinga, dhaifu, na huyo huwa mzuri kwa sababu anapendwa, hapendwi kwa sababu alikuwa mzuri. Ukiiweka hoja hiyo mbele ya mchezo wetu, programu nzima inapungukiwa. Hakuna mahali pa kuiingiza. Meneja anaweza kumpenda kijana kwa ajili ya namba ya kwanza, au kwa ajili ya ya pili, ambayo tunaiita imani na wala si imani. Namna ya tatu hakuna.

Yuko mwandishi Mmarekani aliyeona sehemu ya hili zamani. Robert Coover alitoa mwaka 1968 riwaya kuhusu mhasibu mpweke aitwaye J. Henry Waugh, aliyejitungia ligi ya besiboli ya kete na karatasi, akiwa na wachezaji, vizazi na mazishi. Herufi za jina lake, J.H.W.H., zinafanana na zile nne za jina la Mungu kwa Kiebrania, na haikutokea kwa bahati mbaya. Mrushaji kijana anayempenda kama mwana anakufa kwa sababu kete zimeangukia mstari mbaya wa jedwali. Waugh anavunjika. Hatimaye anazigeuza kete kwa mkono wake ili aliyerusha mpira ule naye afe. Tulisoma kitabu hicho baada ya kijana wetu kuumia kiwiko, na tulitambua mkono ule. Tulikuwa tumeandika barua kwa msimamizi wa ligi kumwomba apunguze jeraha, kwa kuwa ana uwezo wa kubadili chochote. Tuliifuta kabla ya kuituma, hasa kwa aibu. Riwaya ya Coover ni kali kuliko mchezo kwa sababu ndani yake kuna anayelia. Lakini hata Waugh analia kwa ajili ya aliyekuwa bora, na wale wachezaji wengine anaowazika kwa kete haombolezi kwa namna hiyo.

Tungeweza kuishia hapa kama makala ingekuwa ya mchezo tu.

Miaka saba iliyopita tulikuwa kwenye kamati ya chuo inayopima wanafunzi kabla ya kuwapendekeza waendelee na masomo ya uchungaji. Alikuwepo kijana aliyekaa dawati la tatu toka mlangoni. Kigiriki kilimshinda mara mbili. Alihubiri uso ukiwa kwenye karatasi, sauti ndogo, na kwaya ilikuwa ikianza kukohoa kabla hajafika katikati. Kamati iligawanyika. Baadhi ya wenzetu walitaka apewe mwaka mwingine. Sisi tulisema sentensi moja, na tunaikumbuka neno kwa neno: "Huyu amefika mwisho wa uwezo wake." Katika lugha ya mchezo, sentensi hiyo maana yake ni kwamba namba ya pili imelingana na ya kwanza. Ndiyo hasa tuliyokuwa tukiiona kichwani, safu mbili zinazofanana, na katika mchezo kijana wa namna hiyo huachwa ili apatikane nafasi. Tulikuwa na sifa ya kuona wanafunzi vizuri. Kamati ikatufuata.

Alikuja ofisini kuaga. "Shikamoo, Mwalimu." Marahaba. Alishukuru kwa kila kitu. Ilikuwa siku ya kutuma maamuzi ya ligi, na kompyuta ilikuwa wazi mbele yetu. Tulimwitikia macho yakiwa kwenye orodha ya wachezaji 40. Hatukumbuki alivaa nini.

Mwaka jana tulikwenda kukagua wanafunzi walio kwenye mafunzo ya vitendo, na katika usharika mmoja tukaambiwa kwamba mtaa wa mbali unaongozwa na mwinjilisti anayetufahamu. Tulikwenda na mwenzetu mmoja wa kamati ile ile. Ni yeye. Mtaa una watu kama sitini, kanisa la matofali lisilopigwa lipu, na kengele ni rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mwembe. Tulikaa kwenye ibada. Alihubiri uso ukiwa kwenye karatasi. Sauti ni ile ile. Mtoto mmoja alilala, na mzee mmoja pia.

Njiani kurudi mwenzetu alisema, "Basi mliona sawasawa. Hakukua."

Maneno hayo yalitukaa vibaya kuliko kama angetulaumu. Tungemkuta kijana yule amekuwa mhubiri anayejaza viwanja, tungekuwa na simulizi ya Santana: jiwe walilolikataa wajenzi, na sisi wajenzi wenye haya. Tungeisimulia kwenye semina na watu wangecheka na kuguswa. Lakini simulizi za Santana na Clemente na Piazza zinaacha kipimo kilekile mahali pake. Zinasema tu kwamba aliyepima alisoma vibaya. Kijana wetu alisomwa vizuri, na bado tulimtendea vibaya, na hakuna takwimu itakayolionyesha kosa hilo.

Tulikumbuka mwanabesiboli mwingine, Gift Ngoepe, aliyekulia kwenye chumba cha klabu ya besiboli huko Randburg, Afrika Kusini, ambako mama yake alifanya kazi. Pittsburgh walimsajili mwaka 2008. Alipanda ngazi za ligi ndogo kwa zaidi ya miaka minane, akijulikana kwa kudaka vizuri na kupiga vibaya, na mwezi Aprili 2017 akawa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza Ligi Kuu. Alipiga mpira wa mafanikio mara yake ya kwanza kusimama. Kisha upigaji ukamshinda, na jumla ya mechi zake za Ligi Kuu hazikufika 50. Mchezo wa kompyuta ukimpima atakuwa kijana ambaye msaka vipaji alimsoma sawa: mkono mzuri, gongo dhaifu. Sisi tulipokuwa tukifuatilia habari zake tulisubiri apate mechi 500 ndipo tumtumie kama mfano. Hakuzipata, tukamwacha.

Sasa jambo lenyewe lililotufanya tuandike. Baada ya ibada ile mwinjilisti alitukaribisha chai na mihogo, akauliza habari za chuo, akamtaja kila mwalimu kwa jina. Halafu, tulipokuwa tumesimama kuondoka, akasema kwa sauti ile ndogo, "Mwalimu, yale mahubiri yangu ya mwisho sikuwahi kurudishiwa. Nilitamani kuona masahihisho."

Hayakuwa malalamiko. Alikuwa anaulizia daftari lake, kama mtu anavyoulizia jembe aliloliazimisha. Tukamwambia tutayatafuta. Garini tulijaribu kukumbuka masahihisho yenyewe, na tukatambua kwamba hayapo. Mahubiri hayo yalikuwa sehemu ya tathmini. Kwenye fomu ya kamati tuliandika alama. Hatukuwa tumeyasoma. Tulikwisha kuijua namba.

Msomaji anaweza kuuliza kama tumeacha mchezo. Hatujaacha. Una uvumilivu ambao kamati nyingi za kanisa hazina, na umetufundisha kusema "hatujui" kuhusu kesho ya kijana kwa dhati kuliko tulivyojifunza kwenye vitabu. Mrushaji wetu alirudi baada ya upasuaji, wa aina ile iliyofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1974 kwa mrushaji aitwaye Tommy John, na sasa yuko ngazi ya pili kutoka juu, si mbaya, si mzuri. Yuko pia mdakaji wa miaka 27 ambaye kila meneja wa ligi ametushauri tumwache. Namba zake mbili zinalingana tangu misimu minne iliyopita. Tunajua vizuri kwamba hayupo, kwamba hahisi kitu, na kwamba kumbakiza ni upumbavu wa kimchezo. Anachukua nafasi ya mwingine. Bado hatujabonyeza.

Fomu za kamati za mwaka huu zimeletwa wiki iliyopita. Kuna safu ya "hali ya sasa" na safu ya "matarajio." Tumeomba safu ya pili iondolewe; katibu wa kamati amesema fomu zimekwisha kuchapwa, labda mwakani.

Mahubiri tumeyapata kwenye faili la zamani, chini ya risiti za karo. Kurasa sita, kalamu ya bluu, juu ya Luka 15. Tulitarajia, tukisema kweli, kukuta jambo kubwa ambalo tulilipita. Ni mahubiri ya kawaida. Utangulizi ni mrefu mno, ukurasa wa tatu amechanganya kondoo na fedha, na neno la Kigiriki alilolinukuu limeandikwa vibaya. Tumefika ukurasa wa nne. Kesho tutamaliza, na Jumatatu kuna gari la dayosisi linalokwenda upande ule.